Tatuu Mpya Ni Kidonda

Wazazi wengi wakiona tatuu mkononi mwa kijana wao huanza na ugomvi. Maneno yapo, lakini yangoje kidogo. Kwanza mtazameni kama mgonjwa mwenye kidonda.

Siku mbili tatu za mwanzo mahali hapo huvimba, huuma na kutoa majimaji. Baadaye hutokea magamba, na ngozi hubambuka na kuwasha sana. Asikune wala asibandue. Aoshe taratibu kwa sabuni na maji safi, asipake majivu wala dawa ya meno, na asiogelee mtoni. Ngozi ya juu hufunga kwa wiki mbili hadi nne. Akiona usaha, homa au uvimbe unaozidi, aende zahanati.

Lakini hatari kubwa haionekani kwa macho. Sindano iliyotumiwa kwa mwingine, au wino ilimochovywa, huweza kuleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI. (Wembe wa chale za mganga nao ni vivyo hivyo.) Basi mwulizeni kwa upole: sindano ilikuwa mpya? Asipokuwa na hakika, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani dawa za kuzuia virusi hivyo huanzwa kabla ya saa 72 kupita.