Ukifunika Kompyuta, Intaneti Inakwenda Wapi?

Wengi wetu tunaotegemea bando la usiku tunaijua hali hii: faili kubwa linaanza kushuka, mtu anafunika kompyuta mpakato na kwenda kulala. Asubuhi anakuta faili limeishia njiani, muda wa bando umepita, na lawama zote zinaangukia kampuni ya simu. Mara nyingi mtandao hauna kosa. Kompyuta ilijiondoa yenyewe, tena kwa mpangilio ambao mwenyewe hakuwahi kuuangalia.

Kufunika peke yake hakukati intaneti. Katika kompyuta nyingi za sasa, fremu ya kioo ina sumaku ndogo, na upande wa kibodi kuna kihisio kinachotambua sumaku hiyo inapokaribia. Kihisio hakizimi chochote. Hupeleka taarifa tu kwa mfumo endeshi kwamba kifuniko kimefungwa. Yanayofuata huamuliwa na mipangilio, na usipoigusa, Windows, macOS na matoleo mengi ya Linux huilaza kompyuta.

Katika usingizi wa kawaida prosesa husimama. Umeme kidogo hubaki kwenye RAM ili kazi uzikute ulipoziacha, nayo kadi ya Wi-Fi huzimwa au hubaki ikisubiri tu. Hata redio ingebaki hewani, hakuna programu iliyo macho kupokea data. Kupakua kunasimama, mkutano wa Zoom unakatika.

Seva ya mbali haijui kilichotokea. Hurudia kutuma data ileile, kama mtu anayeita "haloo, haloo" kwenye simu iliyokwisha kukatika, hadi muda wake wa kusubiri uishe. Rauta nayo, isipoona mawasiliano kwa kitambo, hufuta rekodi ya muunganisho huo. Ndiyo maana ukifunua baada ya muda mfupi huenda usione tofauti, lakini baada ya saa kadhaa programu nyingi hulazimika kuanza mawasiliano upya. Faili lililokatika litaendelea lilipoishia iwapo tu seva inakubali kutuma kuanzia katikati na programu yako inajua kuomba hivyo. BitTorrent imeundwa kwa namna hiyo. Viungo vingine vya kupakulia huisha muda wake, na hapo unaanza moja.

Kwa anayetumia hotspoti ya simu, shida ni mbili. Kompyuta ikilala, simu inaona hakuna kifaa kilichounganishwa, na simu nyingi huzima hotspoti baada ya dakika chache ili kutunza chaji. Ukifunua kompyuta, mtandao haupo kabisa hadi uiwashe tena kwenye simu.

Kuna pia usingizi usio kamili. Tangu 2012, Windows 8 na OS X Mountain Lion zilipotoka, baadhi ya kompyuta huweza kupokea barua pepe na masasisho zikiwa zimefunikwa. Kwa mwenye bando la kupimwa hili si jambo dogo, maana data inaweza kupungua usiku bila yeye kugusa kitu. Katika Windows, iambie kompyuta kwamba mtandao huo una kikomo cha data. Masasisho mengi yatasubiri.

Ukitaka upakuaji uendelee, fungua mipangilio ya umeme ya Windows, tafuta sehemu inayoeleza kifanyike nini kifuniko kikifungwa, uchague kisifanyike chochote. Katika matoleo mengi ya Linux kazi hiyo hufanywa na mstari wa HandleLidSwitch ndani ya faili la logind.conf. Angalia pia muda wa kulala kompyuta isipoguswa, kwa kuwa huo ni mpangilio wa pembeni na wengi huusahau: wanarekebisha kifuniko, kisha kompyuta inalala vilevile baada ya nusu saa.

Ushauri wangu ni kufanya mabadiliko hayo kwa wakati ambapo chaja imechomekwa tu, na kuacha usingizi wa kawaida unapotumia betri. Kompyuta iliyo macho ndani ya begi haipati hewa, hupata joto kali na kumaliza chaji. Iache mezani, penye hewa, na kama huna haja ya kuifunika, zima kioo tu.