Mto Gucha: Yajue Maji Kabla ya Kupiga Kasia

Katika Mto Tana kule Sagana, na Mto Nile kule Jinja, Uganda, watu hulipa ili wapige kasia katika mitumbwi na kayaki. Wakazi wengi huuliza: je, Gucha nao?

Mto huu huanzia nyanda za juu za Nyamira, hupita Ogembo katika Kaunti ya Kisii, kisha huteremka Migori, unakoitwa Kuja, hadi Ziwa Victoria. Mteremko huo mkali ndio huyapa maji kasi, na ndio sababu ya maporomoko kama ya Gogo, yanayozalisha umeme.

Hatari yake ni kwamba mvua ikinyesha Nyamira, mto unaweza kufurika Ogembo hata kama huko jua linawaka. Maji yakibadilika ghafla kuwa ya rangi ya udongo, au yakianza kubeba majani na vijiti, toka mtoni mara moja. Asiingie mtu majini bila jaketi okozi, wala peke yake, hasa msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei.

Usalama huo pia huanzia shambani. Kilimo kinapofika ukingoni, udongo huporomoka na kuujaza mto, na mdiria hawezi kuwaona samaki katika maji ya tope. Kanuni za maji zinataka ukingo wa mita 6 hadi 30 uachwe bila kulimwa. Wakazi wanahimizwa kung'oa mikaratusi kando ya mto na kupanda mianzi au miti ya kiasili.