Buganda na Makubwa Yake

Mgeni akitaka kuonyeshwa kitu kikubwa Kampala, watu humpeleka kwenye mnara wa msikiti wa Old Kampala. Mimi ningempeleka Kasubi kwanza, kwenye nyumba ya nyasi.

Nyumba hiyo, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882, ikiwa kasri la Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa wa Kwanza. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, wakamfuata Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Upana wake ni kama meta 31, na ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya miti, matete na nyasi duniani. Ndani ya paa mna pete 52, kila moja kwa ajili ya ukoo mmoja wa Waganda. UNESCO iliitambua mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto, na wazee walilia hadharani. Ilijengwa upya, na kuezeka kukabaki kazi ya ukoo wa Ngeye, kama ilivyokuwa tangu zamani. Mwaka 2023 iliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwangu mimi, hiyo ndiyo rekodi kubwa kuliko zote za Buganda.

Karibu na Mengo, makao ya kabaka, kuna Ziwa la Kabaka, lililochimbwa kwa mikono ya watu miaka ya 1880 kwa amri ya Mwanga. Alitaka njia ya maji ya kumfikisha Nalubaale, ziwa ambalo ramani huliita Victoria. Nalubaale lenyewe ni kubwa kuliko yote Afrika, kilometa za mraba zipatazo 69,000, lakini kina chake kwa wastani ni meta 40 tu. Ziwa Tanganyika, penye kina kirefu zaidi, linapita meta 1,400.

Tuje kwa kabaka mchanga. Daudi Chwa alirithi kiti mwaka 1897 akiwa na mwaka mmoja, akatawala miaka 42. Mkataba wa Machi 1900 na Waingereza ulipotiwa saini, yeye alikuwa na miaka mitatu. Waliosimama kwa niaba yake ni Apolo Kagwa na walezi wenzake wawili. Kabaka alitengewa maili 350 za mraba, na machifu na wamiliki wengine wapatao elfu moja wakatengewa maili za mraba zilizokadiriwa kuwa 8,000. Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo hawakupewa kitu. Kutokana na vipimo hivyo ardhi ile ikaitwa mailo.

Leo wilaya yenye watu wengi kuliko zote Uganda si Kampala bali Wakiso inayoizunguka, wakazi zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mailo. Ukitaka kununua kiwanja huko, usitazame hati peke yake. Uliza kwanza kama juu yake yupo mwenye kibanja, yaani mtu mwenye haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mailo ya mwingine.