Ulimi wa Mzee Ojwang'

Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Wengi waliokua wakitazama Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya, walipata habari hiyo wakiwa wameshaamini vingine, kwani mhusika aliyemwigiza humo, Mzee Ojwang' Hatari, mume wa Mama Kayai, alikuwa Mjaluo kuanzia jina hadi ncha ya ulimi. Ulimi huo ndio wa kuchunguzwa. Kijaluo hakina sh wala z, kwa hiyo Kiswahili cha mzee wa Kijaluo huziangusha sauti zote mbili kwenye s. Mkikuyu naye ana mtego wake: l na r humponyoka zikabadilishana. Wanjau basi alikuwa na kazi mbili kwa mpigo, kuificha lafudhi ya nyumbani na kuivaa ya jirani, tena huku akifoka na kugombana. Kwenye hasira ndipo waigizaji wengi hufichuka, maana mtu akikasirika ulimi hurudi kwa mamake. Wake haukurudi, kwa miongo kadhaa.

Atatokea wa kusema kwamba kuiga lafudhi ya kabila jingine ni dhihaka tu, na kwamba uchekeshaji wa Kenya umetegemea mno mtaji huo. Hoja hiyo ina uzito, lakini kipimo ni pale kicheko kinapoangukia. Iondoe lafudhi ya Ojwang', bado unabaki na mzee anayejiona mjanja, mwepesi wa kuamrisha, anayezidiwa akili na mkewe. Tulicheka kiburi chake, na kiburi hakina kabila. Ndiyo maana nchi ambamo jina la mtu hutosha kukisia kura yake, nchi iliyomwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007, ilimpokea mzee huyu sebuleni bila kumwuliza kwao ni wapi.

Umahiri huo haukumkinga na uhitaji. Uzeeni macho yalipomsumbua, Wakenya walichangishana ili atibiwe. Wapo wanaoona hapo ushahidi wa kupendwa, na kweli alipendwa. Ila mchango ni hisani, si ujira. Kipindi cha zamani kikirudishwa hewani, mwenye sura hupata nini? Na mhusika aliyefinyangwa na mwigizaji mmoja miaka yote hiyo ni mali ya nani, kituo au yeye? Wanjau alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015. Anayetaka kumuenzi na aanze na waigizaji walio hai: walipwe mirabaha yao kabla hawajapitishiwa bakuli.