Kompyuta ya nyumbani na akiba ya umeme: Pima kabla ya kununua

Ndugu msomaji, mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Siku hizo kompyuta ilikuwa mashine ya ofisi kubwa, yenye kujaza chumba kizima, na ni nadra kumpata mfanyakazi aliyeota kuwa nayo sebuleni kwake. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa zamani. Leo kompyuta imeingia katika nyumba za wafanyakazi wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya, ikakaa mezani karibu na cherehani ya mama. Kwa mashine hiyo mama huandika ankara za biashara yake, baba huweka hesabu za chama cha akiba na mikopo, na kijana aliye chuoni huandika tasnifu ambayo ndiyo matumaini ya nyumba nzima.

Lakini kompyuta ya mezani haina subira. Umeme ukikatika, taa huzimika, na umeme ukirudi taa huwaka tena kana kwamba hapakutokea jambo. Kompyuta sivyo. Kazi yote ambayo haijahifadhiwa hupotea palepale, na kama mashine ilikuwa katikati ya kuandika katika diski yake, hata faili lililokuwa salama jana laweza kuharibika. Kurasa kumi za tasnifu zilizopotea usiku wa kuamkia siku ya kuzikabidhi hazirudishwi na mtu yeyote. Ndiyo maana watu wengi hukimbilia dukani kununua kile kifaa chenye betri ambacho wauzaji na mafundi hukiita UPS. Wengi wao hununua kwa kukisia, na baadaye hujuta. Makala haya yana shabaha ya kukusaidia upime kwanza, ndipo ununue.

KWA NINI BADO TWAHITAJI AKIBA

Yawezekana ukauliza: je, hatujapata umeme wa kutosha? Ni kweli kwamba hali imebadilika tangu ile migao ya mwaka 2006 na 2011 ambayo wakazi wa mijini wanaikumbuka vizuri. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa mwaka 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Hata hivyo, umeme wa kutosha bwawani si sawa na umeme usiokatika nyumbani. Kati ya mitambo ya Rufiji na soketi ya sebuleni kwako kuna kilomita nyingi za nyaya, vituo vya kupoza umeme, transfoma na nguzo. Tawi la mwembe likiangukia waya, mtaa mzima huwa gizani. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi yenyewe ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Tena wapo wanaozimikiwa pasipo hitilafu yoyote, kwa kuwa tu uniti za LUKU zimekwisha na hakuna aliyeangalia mita.

Aidha, kukatika si maradhi pekee ya umeme. Umeme wetu wa majumbani umekusudiwa kuwa wa volti 230. Jioni, wakati kila nyumba inapopika, inapopiga pasi na kuwasha feni, volti zaweza kushuka mpaka taa zikafifia. Na umeme unaporudi baada ya kukatika, aghalabu huja kwa kishindo, volti zikipanda na kushuka kabla ya kutulia. Kishindo hicho ndicho kinachounguza vyombo.

UNACHONUNUA NI DAKIKA

Jambo la kwanza ambalo kila mnunuzi yampasa kulielewa ni hili: UPS ya kawaida haikusudiwi kukupa umeme wa usiku kucha. Inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi yako na kuizima kompyuta kwa utaratibu wake. Anayeinunua ili aendelee kufanya kazi mpaka umeme urudi atadai kwamba ametapeliwa, ilhali kosa halikuwa la kifaa bali la matarajio.

Hebu tufanye hesabu. UPS ndogo ambazo hupatikana kwa wingi madukani zina betri moja ya volti 12 na ampea 7 kwa saa. Zidisha 12 kwa 7, utapata 84. Hizo ndizo wati kwa saa zilizomo ndani ya betri ikiwa mpya. Lakini betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi haitoi yote iliyo nayo, na kifaa chenyewe nacho hula sehemu yake katika kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Kinachokufikia ni kama nusu tu. Sasa chukua kompyuta ya mezani inayokula wati 120, skrini ya wati 25 na kisanduku cha intaneti cha wati 10. Jumla ni wati 155. Kwa mzigo huo UPS ndogo yenye betri mpya itakupa kiasi cha dakika 10 hadi 15. Hizo zatosha kabisa kuhifadhi tasnifu. Hazitoshi kuandika sura mpya.

Kama kazi yako ni ya kulipwa na haiwezi kungoja, mathalan unachapa nyaraka za watu nyumbani, basi unachohitaji ni kitu kingine: inveta yenye betri kubwa. Betri ya volti 12 na ampea 100 ina wati 1,200 kwa saa. Ikiwa ni ya risasi, yafaa utumie nusu tu, kwa kuwa kuikausha mara kwa mara huiua mapema. Kwa mzigo ule ule wa wati 155 utafanya kazi kwa muda wa saa tatu hivi. Betri za kisasa za lithiamu hustahimili kutumiwa zaidi ya nusu na hudumu miaka mingi zaidi, ingawa bei yake ya kuanzia ni kubwa.

NAMBA KUBWA KWENYE BOKSI

Jambo la pili ni namba. Kwenye boksi utaona imeandikwa kwa herufi kubwa 650 VA, au 1000 VA. Namba hiyo ni ya volti-ampea, wala si ya wati, na ndiyo inayowapotosha wengi. Uwezo halisi huandikwa kwa herufi ndogo pembeni au nyuma ya kifaa. Katika UPS nyingi za nyumbani wati ni kama asilimia 60 ya namba ile kubwa. Hivyo kifaa cha 650 VA hubeba kiasi cha wati 390. Uliza wati, na kama muuzaji hazijui, soma mwenyewe kibandiko kilichopo nyuma.

Kisha jumlisha wati za vitu ambavyo ni lazima viendelee kuwaka, uongeze robo ya jumla hiyo kwa tahadhari. Kwa wati 155 tulizotaja, robo yake ni kama 39, na jumla inakuwa 194. Kifaa cha wati 390 kinatosha na kubaki. Huna sababu ya kulipia cha 2000 VA eti kwa kuwa jirani anacho.

Hapa yafaa familia ikae pamoja na kukubaliana ni vitu gani vya lazima. Kompyuta, skrini na kisanduku cha intaneti vinatosha. Pasi, birika na jokofu havina ruhusa. Hali kadhalika mashine ya kuchapa inayotumia wino wa unga, kwa kuwa ndani yake mna kipasha joto ambacho kwa muda mfupi hula mamia ya wati na huweza kuizima UPS mara moja.

AINA TATU NA IPI IKUFAAYO

UPS ni za aina tatu. Ya kwanza hukaa kando ikingoja. Umeme ukikatika, huhamia kwenye betri kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kompyuta haihisi. Ni ya bei nafuu. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kusahihisha volti: kila umeme unaposhuka sana, yenyewe hukimbilia betri. Katika mtaa wenye umeme hafifu betri hunyonywa jioni nzima, na umeme ukija kukatika kweli, hamna kitu ndani.

Aina ya pili ina stabilaiza ndani yake. Volti zikishuka huziinua, na zikipanda huzishusha, pasipo kuigusa betri. Bei yake huzidi kidogo ile ya kwanza, lakini kwa nyumba nyingi za mijini kwetu hii ndiyo ifaayo, kwani betri hubaki imejaa ikingoja siku ya haja.

Aina ya tatu huipa kompyuta umeme uliopitia kwenye mitambo yake ya ndani saa zote, ukatike usikatike. Hiyo ni ya hospitali, benki na vituo vya mitambo. Ni ghali, hutoa joto, na feni yake hupiga kelele. Nyumbani ni anasa.

Ikiwa unatumia laptopu, yaani kompyuta mpakato, tafadhali usiharakishe kununua UPS yoyote. Tayari unayo betri ndani ya mashine. Unachohitaji ni kinga dhidi ya kile kishindo cha umeme unaorudi, pamoja na betri ndogo ya kisanduku cha intaneti, ambayo bei yake ni ya chini na huweza kukiwasha kwa saa kadhaa.

UKIWA DUKANI

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya umeme huoza. Betri ya risasi hupungukiwa nguvu hata ikiwa imelala kwenye boksi, na ikikaa miezi mingi bila kuchajiwa hudhoofika isipone tena. Kwa hiyo tafuta tarehe ya kutengenezwa, na ulikatae boksi lililojaa vumbi la mwaka juzi. Ukinunua UPS iliyokwisha kutumika, hesabu kwamba betri yake imekufa, uongeze bei ya betri mpya juu ya bei unayoambiwa. Ndipo ulinganishe na mpya. Aghalabu utaona kwamba rahisi ni ghali.

Uliza pia kama betri inaweza kubadilishwa na kama inapatikana mjini kwako, kwa sababu utaihitaji. Kama inawezekana, nenda na kompyuta yako, uombe ijaribiwe: iwashwe, kisha umeme wa ukutani uzimwe. Baadhi ya kompyuta za kisasa hazipendi umeme usio laini unaotolewa na UPS za bei ya chini, nazo huzimika papo hapo. Ni heri ulijue hilo dukani kuliko usiku wa kazi.

KUITUNZA NYUMBANI

Ukifika nyumbani, ichaji kwa saa zisizopungua nane kabla ya kuitegemea. Iweke mahali penye hewa, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Umri wa betri hizi, miaka mitatu hadi mitano, hupimwa kwa joto la nyuzi 25. Joto likizidi hapo kwa nyuzi 8 hadi 10, umri hupungua kwa karibu nusu. Anayeishi Dar es Salaam au Tanga asishangae betri ikichoka baada ya miaka miwili.

Kila baada ya miezi mitatu fanya jaribio. Hifadhi kazi zako, kisha zima swichi ya soketi ya ukutani. Usichomoe plagi, ili waya wa ardhini uendelee kushika. Hesabu dakika. Zikishuka chini ya tano, tafuta betri mpya. Kama UPS yako ina waya wa kuunganishwa na kompyuta, uutumie. Kwa programu yake mashine hujizima yenyewe kwa utaratibu hata ukiwa sokoni. Na mfundishe kila mtu nyumbani, hata mtoto wa darasa la nne, maana ya ule mlio wa kifaa: hifadhi kazi, zima kompyuta, ndipo utafute tochi.

Betri iliyokufa usiitupe jalalani wala usiwaachie watoto kuichezea. Ndani yake mna risasi, madini ambayo huharibu ubongo wa mtoto anayekua, na tindikali inayounguza ngozi. Irudishe kwa muuza betri. Wengi huzipokea kwa kuwa risasi yake huyeyushwa na kutumika tena.

Mwisho, ndugu msomaji, kumbuka kwamba UPS hailindi dhidi ya wizi, wala radi ya karibu, wala diski iliyochakaa. Dakika 10 ulizonunua ni za kuokoa kazi ya leo. Kazi ya mwaka mzima huokolewa kwa kuwekwa nakala mahali pengine, katika flashi iliyo kabatini au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Jioni ya leo, kabla hujatenga fedha yoyote, chukua karatasi na kalamu, zunguka nyuma ya vyombo vyako na uandike wati zake. Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.