Chaza Aliyeishi Miaka 507

Katika bahari baridi za kaskazini, toka Iceland hata pwani ya Marekani, yuko chaza ambaye wataalamu humwita Arctica islandica. Ukimtazama huoni ajabu yoyote: ni mnyama laini aliyefungiwa ndani ya magamba mawili ya mviringo, naye hukutosha kiganjani. Lakini katika wanyama waishio mmoja mmoja, ambao umri wao umehesabiwa barabara, hakuna aliyempita kwa maisha marefu.

Chaza huyu hujifukia mchangani chini ya bahari, akatokeza juu mirija miwili mifupi. Kwa mrija mmoja huvuta maji, akachuja vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo chakula chake. Kwa mrija wa pili huyatoa maji hayo. Pengine huzama zaidi, akafunga magamba yake kabisa, akakaa siku kadhaa bila kupumua.

Je, umri wake hujulikanaje? Kila mwaka gamba lake huongezeka mstari mmoja, kama vile shina la mti liongezekavyo duara. Mwaka wa neema nafasi kati ya mistari huwa pana. Mwaka wa dhiki huwa nyembamba. Basi gamba hilo ni kama daftari ambamo habari za bahari zimeandikwa mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2006 wataalamu waliwatoa chaza kadhaa baharini karibu na Iceland, wakawagandisha kwa baridi ili kuwahifadhi. Mmoja wao alihesabiwa kwanza kuwa na miaka zaidi ya 400. Mwaka 2013, mistari ilipohesabiwa tena kwa uangalifu, ikaonekana miaka 507. Yaani alizaliwa mwaka 1499, mwaka mmoja tu baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Ngome ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593, yeye alikwisha timiza miaka 94. Hakuna aliyejua umri huo mpaka alipokuwa amekwisha kufa.

Huko Marekani chaza hawa huvuliwa kwa wingi na kupikwa supu, na anayetiwa chunguni huenda akawa amemzidi umri babu yake mvuvi. Kiumbe akuaye polepole namna hii hupatikana kwa siku moja, lakini kumrudisha ni kazi ya vizazi. Mvuvi mwenye busara hukumbuka jambo hilo kabla ya kutupa wavu wake.