Jemu, Kisukari na Trei ya Mayai

Msomaji mmoja wa Tanga ametuletea swali. Mama yake ana kisukari cha aina ya pili, na mkate wa asubuhi bila jemu ya nanasi haumpiti kooni. Binti akaamua kuipika mwenyewe kwa robo tu ya sukari ya kawaida. Alichemsha, akakoroga, akasubiri ipoe, akapata mchuzi. Dukani akakuta chupa iliyoandikwa "sukari kidogo" na jemu yake imeganda sawasawa. Anauliza: hawa wamefanyaje, na je, ampe mama?

Kisukari chenyewe sitakieleza, kwa kuwa anayemuuguza mgonjwa nyumbani anakifahamu vya kutosha. Nitaanza na sufuria, maana humo ndimo lilimo jambo tamu kuliko yote, na ukishalielewa lebo za dukani hazikusumbui tena.

Kinachogandisha jemu ni pektini. Mkemia Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeielezea na kuipa jina mwaka 1825. Ni nyuzi ndefu mno, hazionekani kwa macho, zinazoshikilia kuta za seli za mimea. Zimejaa katika ile nyama nyeupe chini ya ganda la chungwa na la ndimu, zimo kwa wingi katika mapera, na katika nanasi ni chache. Tunda likichemshwa, nyuzi hizi huachana na kuta na kuelea majini. Kila uzi umebeba chaji hasi, kwa hiyo zikikaribiana zinasukumana. Isitoshe, kila mmoja umezungukwa na maji yanayouzuia kuugusa mwenzake.

Mpishi wa jemu ya kawaida huziunganisha kwa njia mbili kwa pamoja. Anakamua ndimu, na asidi yake inapunguza zile chaji. Kisha anatia sukari nyingi, nayo inayavuta maji upande wake, nyuzi zinabaki hazina pa kukimbilia, zinashikana na kufanya wavu. Lakini lazima sukari iwe nyingi kwelikweli: ikishuka chini ya takriban asilimia 55 ya uzito wote, wavu haufungi. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za chakula za Codex zinataka jemu ya kawaida iwe na asilimia 60 hadi 65 au zaidi ya vitu vilivyoyeyuka, ambavyo karibu vyote ni sukari. Huyu binti hakukosea moto wala mwiko. Aliondoa nguzo, nyumba ikalala.

Kiwandani wanatumia pektini ya namna nyingine. Uzi wa pektini una vishimo vingi ubavuni, na katika pektini ya kawaida vingi vimezibwa na vikundi vidogo vya methili. Viwanda huvizibua kwa asidi, na pektini inayopatikana haihitaji sukari ili igande. Inahitaji kalsiamu. Jina lake la maabara ni refu na halimsaidii mnunuzi. Nilitaka kuiita pektini ya chokaa, ila chokaa ingempeleka msomaji kwenye kuta na tambuu. Basi naiita pektini ya kalsiamu, na natamani watengenezaji wetu waliandike hivyo kwenye lebo.

Fikiria trei mbili za mayai. Weka moja mezani, panga mayai kwenye vishimo, kisha funika kwa trei ya pili iliyopinduliwa. Kila yai sasa limekaa nusu chini, nusu juu, na trei mbili zimekuwa kitu kimoja. Trei ni nyuzi mbili za pektini; mayai ni chembe za kalsiamu, ambazo kila moja ina chaji chanya mbili, hivyo inaushika uzi wa chini na wa juu kwa wakati mmoja. Yai moja halizuii trei kuteleza. Mayai kadhaa mfululizo yanazifunga zisitikisike. Trei ambayo vishimo vyake vimezibwa haipokei yai, na ndiyo maana pektini ya kawaida haijali sana kalsiamu. Ukimwaga mayai mengi kwa mpigo, trei zinabanana ovyo na maji yaliyo katikati yanakamuliwa nje. Ndiyo jemu unayoikuta na chengachenga na maji juu. Mfano huu wa trei si wangu. Wanasayansi wameutumia tangu mwaka 1973, na sijaona ulio bora zaidi.

Basi jemu ya sukari kidogo inaweza kuwa jemu ya kweli. Ila neno "kidogo" lipimwe. Kwa miongozo ya Codex, anayedai amepunguza sukari anatakiwa kuwa ameipunguza kwa angalau asilimia 25, na jemu yenye gramu 60 za sukari kwa kila gramu 100 ikipunguzwa hivyo bado ina 45. Chupa za "matunda matupu" nazo mara nyingi hutiwa utamu wa juisi ya zabibu iliyokolezwa, na kwa damu ya mgonjwa hiyo ni sukari kama nyingine. Asali vivyo hivyo: karibu asilimia 80 yake ni sukari. Geuza chupa, tafuta mstari wa sukari na ule wa wanga kwa gramu 100, achana na maandishi ya mbele. Ukiona vitamu mbadala kama maltitoli au sorbitoli, ujue vinapandisha sukari taratibu zaidi, ila vikizidi vinaharisha. Na jemu hii ikishafunguliwa ikae kwenye friji, kwani sukari ndiyo iliyokuwa ikizuia ukungu.

Sasa hesabu. Kijiko cha chakula cha jemu ya kawaida, gramu 20 hivi, kina sukari kama gramu 12. Ukichagua yenye nusu ya sukari umeokoa gramu 6. Slesi moja ya mkate mweupe ina wanga wa gramu 15 hivi, nao wote huishia kuwa glukosi. Kwa hiyo mama akipunguza slesi moja amepata nafuu kubwa kuliko ya kubadili chupa. Na slesi inayobaki, mimi ningeipaka siagi ya karanga isiyotiwa sukari: protini yake ni karibu robo ya uzito, mafuta yake yanachelewesha chakula kutoka tumboni, na haiishi sokoni.

Mama na aile, kijiko cha chai kimoja, aina yenye chini ya gramu 30 za sukari kwa gramu 100, kisha apime damu saa mbili baadaye aone mwili wake unasemaje. Ila kama anatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, sukari ya kawaida isikosekane nyumbani. Siku atakapotetemeka na kutokwa jasho jembamba, jemu ya sukari kidogo haitamwokoa. Mpeni maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, papo hapo.